Dirisha la Kutisha Kwenye Kompyuta: Namna ya Kulifunga na Mahali pa Kupata Msaada



Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa Kilosa kusafiri sasa hupatikana kwa kompyuta au simu. Leseni ya biashara huombwa kwa mfumo wa TAUSI, mkopo wa mwanafunzi wa chuo huombwa mtandaoni, na ada za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba. Kwa sababu hiyo, kompyuta moja ya duka la steshenari pale Kimamba, Dumila au Mikumi hubeba vyeti, namba za vitambulisho vya Taifa na maneno ya siri ya watu wengi wa kata nzima. Kompyuta hiyo ikiingiliwa, hasara haimwangukii mwenye duka peke yake.

Jambo la kwanza ni kutofautisha onyo la uongo na virusi vya kweli. Mtu anatafuta fomu au matokeo ya mtihani. Ghafla kioo kinakuwa chekundu, kengele inalia, na maandishi yanadai kuwa kompyuta imeshambuliwa, isizimwe, na namba fulani ya simu ipigwe mara moja. Mara nyingi dirisha hilo ni ukurasa wa tovuti tu, mfano wa bango lililochorwa. Ukurasa wa tovuti hauwezi kupekua mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta na kuhesabu virusi. Kampuni ya Microsoft imekwisha kueleza kuwa maonyo yake halisi hayaweki namba ya simu. Basi, namba ya simu ndani ya onyo ni dalili tosha ya utapeli.

Anayepiga namba hiyo huombwa kupakua programu inayomwezesha mtu wa mbali kuiendesha kompyuta. Hapo huonyeshwa kumbukumbu za kawaida za mashine, akaambiwa ndizo virusi, kisha akadaiwa malipo. Mbinu hii ni ndugu wa ujumbe unaojulikana nchi nzima, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Zote mbili hutegemea haraka ya mpokeaji, na wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Dirisha la namna hiyo likitokea, kisibonyezwe chochote ndani yake, hata kile kitufe kilichoandikwa "funga". Zibonyezwe kwa pamoja Alt na F4. Kivinjari kikikataa kufungika, zibonyezwe Ctrl, Alt na Delete, ichaguliwe Task Manager, na kivinjari kikomeshwe huko. Hilo nalo likishindikana, kitufe cha kuwashia kishikiliwe mpaka mashine izime. Itakapowashwa tena, kivinjari kikiuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, jibu ni hapana.

Yapo pia matangazo madogo yanayojitokeza pembeni mwa kioo kila baada ya muda mfupi. Mengi hutokana na mtumiaji kubonyeza "ruhusu" katika tovuti asiyoijua. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, na kuiondolea tovuti hiyo ruhusa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, wala haihitaji mashine kupigwa Windows upya kwa gharama.

Virusi vya kweli vina dalili nyingine: programu zisizojulikana zinajifungua, kinga ya kompyuta imezimwa bila mwenyewe kuizima, au mafaili hayafunguki. Hapo kompyuta itenganishwe na intaneti, na neno la siri la barua pepe na la benki libadilishwe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Windows 10 na Windows 11 zina kinga yake ya bure, Microsoft Defender, ambayo huweza kuikagua mashine nzima, pamoja na ukaguzi unaofanyika kabla Windows yenyewe haijawaka.

Kinga hiyo inahitaji masasisho. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilianza kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, ilhali kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu mwezi Machi. Ni vema pia kujua kuwa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Katika maduka ya steshenari, mlango mkuu wa virusi ni flashi. Mteja huichomeka, akakuta mafaili yake yamegeuka njia za mkato, akadhani yamefutika. Katika hali nyingi mafaili hayo yapo, ila yamefichwa. Flashi isifomatiwe kwa haraka; ikaguliwe kwanza kwa kinga iliyosasishwa, kisha fundi ayafichue mafaili kwa amri ya attrib. Mwenye duka anayekagua kila flashi kabla ya kuifungua huwalinda wateja wote wa siku hiyo. Mteja naye, amalizapo, aondoke katika akaunti yake na kuhakikisha kivinjari hakikuhifadhi neno lake la siri.

Kwenye simu janja, onyo la "simu yako ina virusi" hufungwa vivyo hivyo bila kufuata maelekezo yake. Programu isipakuliwe kutoka katika kiungo kilichotumwa kwa WhatsApp, bali katika duka rasmi la programu. Programu za mikopo ziangaliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa baadhi huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu, kisha huyatumia kumwaibisha mkopaji kwa ndugu na jirani. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Msaada nao una utaratibu wake. Kwa fundi, mwananchi akubaliane gharama kabla ya kazi, aombe mafaili yake yanakiliwe kwanza, na asiache neno la siri la barua pepe wala la benki. Fundi akitaka kuzima kinga ili aweke programu iliyovunjwa kufuli, akataliwe, kwa kuwa programu za namna hiyo ni njia kuu ya virusi kuingia. Kwa jambo linalohusu mifumo ya halmashauri, mahali pa kuuliza ni ofisi za halmashauri zenyewe, si namba iliyookotwa mtandaoni.

Ikiwa fedha imekwisha kutumwa, kila dakika ina thamani. Kwanza ipigwe simu kwa mtandao wa simu au benki iliyotumika, ili muamala uzuiwe ikiwa bado inawezekana, na namba ya siri ibadilishwe. Pili, namba ya tapeli iripotiwe TCRA kupitia 15040. Tatu, taarifa ipelekwe kituo cha polisi na mwananchi apatiwe RB. Ujumbe, picha ya dirisha na kumbukumbu ya muamala visifutwe, kwa kuwa ndivyo ushahidi. Utapeli wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Ndugu wananchi, tapeli hutegemea pia aibu ya aliyetapeliwa. Mzee aliyepoteza akiba ya mavuno hunyamaza asichekwe na wanawe, na namba ileile ikaendelea kuwapigia jirani zake. Mficha uchi hazai. Familia inayompokea aliyetapeliwa bila kumcheka humpa nafasi ya kutoa taarifa mapema, wakati fedha bado inaweza kuzuiwa. Dirisha la uongo halina nguvu mpaka mtu atii amri yake. Na anayesita kidogo, akamwita mtu anayemfahamu kabla ya kubonyeza, huwa amekwisha kujiokoa.