Fulu Hamwoni Mwenzake

Leo tuongee juu ya fulu, yule samaki mdogo waliyekula wazee wetu kabla mbuta hajaletwa ziwani.

Jike la fulu huchagua dume kwa rangi. Huko Mwanza, upande wa Tanzania, kuna fulu wa aina mbili wanaofanana sana, ila dume wa aina moja ni mwekundu na wa nyingine ni wa samawati. Maji yakiwa safi, kila jike huenda kwa dume wa aina yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba maji yakivurugika mwanga hupungua, rangi hazionekani vizuri, basi jike anabahatisha tu. Wanachanganyikana, na polepole aina mbili zinakuwa moja. Hakuna wavu uliowagusa, jamani!

Na maji yanavurugwa na nini? Kwetu Ghuba ya Winam ni udongo unaoletwa na mito kama Nyando, pamoja na mbolea na maji ya vyoo. Hivyo ndivyo chakula cha mwani, mpaka maji yanageuka kijani kibichi. Mwani ukioza humaliza hewa majini, ndipo mnaona samaki wakihema juu juu alfajiri.

Kikundi cha ufukoni hakiwezi kulimaliza jambo hili peke yake. Kiketi na wakulima wa juu, wapande napia kando ya mto, wakianza na shamba lile linalomomonyoka zaidi. Ng'ombe nao watakula.