Kiinitete Kilichogandishwa Ni cha Nani?

Somo la leo lahusu jambo ambalo wazee wetu hawakupata kuliona. Wewe unayelisoma chapa yake, ukiwa na kikundi chako, lisomeni polepole.

Nianze na ng'ombe, maana hapa Mkolani, kama kote Usukumani, kwa ng'ombe twaelewana upesi. Mbegu za dume bora huwekwa katika mtungi wa nitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, zikakaa miaka mingi bila kuharibika. Dume aweza kuwa amekwisha kufa, na ndama wake wakaendelea kuzaliwa. Mbegu hizo ni mali; huuzwa na kununuliwa, wala hapana ugomvi.

Sasa tuje kwa binadamu. Mume na mke waliokosa mtoto huenda kwa daktari, naye hutoa mayai ya mke na kuyaunganisha na mbegu za mume katika chombo. Yai lililoanza kugawanyika huitwa kiinitete. Kimoja au viwili hutiwa katika tumbo la mama, na vinavyobaki hugandishwa katika baridi ile ile. Mtoto wa kwanza wa kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984. Jirani zetu wa Nairobi walipata watoto wao wa kwanza wa uzazi wa chombo mwaka 2006.

Je, hicho kilichobaki ni mtoto, au ni mali? Kanuni yetu ya Adhabu yasema kwamba mtoto huwa mtu awezaye kuuawa pale atokapo kamili, akiwa hai, katika mwili wa mama yake. Mtungi si mwili wa mama. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26, yasema uhai wa mtu huanza mimba itungwapo. Lakini yai lililo katika chombo, ni mimba hiyo?

Marekani mahakama zenyewe hazikupatana. Ya Tennessee, mwaka 1992, ilisema kiinitete si mtu wala si mali, bali kinastahili heshima ya pekee. Ya Alabama, mwaka 2024, ilikihesabu kuwa mtoto. Mara baadhi ya hospitali zikasimamisha kazi hiyo kwa hofu. Mimi naona ile ya Tennessee ilikuwa karibu zaidi na busara.

Uingereza, Bibi Natalie Evans aligandisha viinitete sita mwaka 2001, kabla ya kutolewa ovari kwa ugonjwa. Mwaka uliofuata aliachana na mwenzake, naye akakataa vitumike. Sheria ya huko yataka ridhaa ya wote wawili. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimkatalia mama huyo, ingawa hakuwa na njia nyingine ya kuzaa mtoto wa damu yake. Hukumu ngumu!

Kwa vikundi, jadilini hili. Mume amefariki, na viinitete viwili vimo mtungini. Mjane ataka kuvibeba. Ndugu za marehemu wasema ng'ombe za mahari zilitolewa, basi damu hiyo ni ya ukoo wao. Wengine waogopa mrithi atakayezaliwa baada ya mirathi kugawanywa. Je, karatasi waliyotia sahihi mume na mke hospitalini ilisema nini juu ya kifo? Na kama haikusema neno, nani aamue?