Injini Zilizotutumikia Zisitupwe



Reli haikufika kwetu Ngara na Biharamulo, lakini jasho lake twalijua. Injini za dizeli za aina ya 88, zilizoundwa Montreal, Kanada, zililetwa mwaka 1972. Zilivuta shehena za Rwanda na Burundi mpaka Isaka. Malori yakazipokea, yakapita Lusahunga hadi Rusumo. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, injini zikaendelea na kazi. Baadaye mafundi wa karakana ya Morogoro walizifufua kadhaa.

Nairobi ina makumbusho ya reli tangu 1971, yenye injini za mvuke. Je, hizi zetu ziishie kuwa chuma chakavu? La! Twadai moja ihifadhiwe, watoto wetu wajifunze. Mwacha asili ni mtumwa.