Kazi za Juu na Hatari ya Kuanguka

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Voi



Katibu alinipa nusu saa. Sitaimaliza, maana jua la Voi mnalijua, na mabati haya juu ya vichwa vyetu yamekwisha anza kulia. Nimeombwa niseme habari za kazi za juu: juu ya paa, juu ya ngazi, juu ya jukwaa la mjengo, juu ya mzigo wa lori. Mimi si daktari wala mwanasheria. Mimi ni seremala wa mapaa, na mnaonijua mwajua ya kuwa nimepanda mabati tangu sijaoa.

Basi nianze na jambo ambalo halinipi sifa.

Mwaka 2011 tulikuwa watu saba tukiezeka ghala moja. Kontrakta simtaji, na ghala silitaji. Ukuta ulikuwa na kimo cha kama mita 4. Ngazi tuliyopewa ilikuwa fupi, tukaisimamisha juu ya mawe mawili ili ifike. Kijana mmoja aliwekwa chini aishike. Saa tano nyapara akamwita akalete maji ya saruji, naye akaenda, maana nyapara akiita huanzi kumwuliza maswali. Mwenzetu alikuwa juu, akaanza kushuka bila kutazama kama chini pana mtu. Alipouweka uzito wake wote jiwe moja likabingirika, ngazi ikaenda kando, naye akaanguka kwa mgongo.

Tulimkimbilia. Watu wanne tukamshika mzobemzobe, wawili mikono na wawili miguu, tukamlaza nyuma ya pikapu. Mimi nilishika mguu wa kushoto. Hospitali tuliambiwa kwamba uti wa mgongo umeumia vibaya, na hapana ajuaye ni kiasi gani kiliharibiwa na ardhi na kiasi gani kiliharibiwa na sisi. Mtu huyu yu hai. Yuko katika kiti cha magurudumu, na amenipa ruhusa niwaambie haya mradi nisimtaje jina. Nyapara alisema atashughulikiwa. Tulingoja. Hapakuandikwa hata mstari mmoja, na mwaka ukapita.

Siku ile tulirudi nyumbani tukisema, "Ni bahati mbaya, siku yake ilikuwa imefika." Nimeyafikiri sana maneno hayo. Ngazi fupi ililetwa na mtu. Mawe tuliyaweka sisi wenyewe kwa mikono yetu. Mshikaji aliitwa na mtu, akaenda bila kupiga kelele kwa aliye juu. Na sisi wengine tuliona yote tukanyamaza, kwa kuwa kazi ilikuwa ya kipande na kila mtu alitaka kumaliza mapema. Sioni humo jambo hata moja la kumtupia Mwenyezi Mungu.

Watu hudhani hatari iko kwenye minara tu. Wanatazama milingoti ile ya mawasiliano juu ya mlima Vuria, kisha wanasema, "Huko ndiko kuna kazi ya juu." Hebu tufanye hesabu kidogo. Mtu akianguka kutoka mita 2, yaani kimo cha kupita mlango tu, anafika chini kabla sekunde moja haijatimia, kwa mwendo wa karibu kilometa 22 kwa saa. Kutoka mita 5 ni sekunde moja, na mwendo ni kilometa 36. Kutoka mita 10 ni kilometa 50 kwa saa, kama matatu inavyoingia mjini. Ndani ya sekunde moja huwezi kushika kitu wala kujigeuza. Kwa hiyo maneno ya "mimi ni mwepesi, nitaruka" ni maneno ya mtu ambaye hajaanguka.

Na ndugu zetu wa malori nao wasinicheke wakidhani nasema na mafundi peke yao. Lori la marobota ya mkonge lililopakiwa sawasawa lina kimo cha kuzidi ukuta wa nyumba. Utingo anapanda juu kufunga turubai, anavuta kamba kwa nguvu zake zote huku mgongo wake umeelekea nje. Kamba ikikatika au fundo likifunguka, nguvu zile zile alizotumia kuvuta ndizo zinazomtupa. Vuteni kamba mkiwa chini kila inapowezekana. Ikiwa lazima mtu awe juu, avute akiwa amepiga magoti katikati ya mzigo, asisimame pembeni. Wala asiruke kutoka juu ya lori eti apate kuwahi. Magoti na vifundo vya miguu vya watu wazima wengi wa kazi hiyo viliharibika hivyo hivyo, kidogo kidogo, bila siku yoyote kuitwa ajali.

Kwa kuwa nimeitaja kamba, niseme neno juu ya mkonge wetu. Nchi hii ya Mwatate, Voi na Taveta imejulikana duniani kwa mkonge, na sisi twaupenda kwa kuwa uko karibu na bei yake ni ndogo. Lakini kamba ya mkonge iliyolowa na kukauka mara nyingi huoza ndani kabla haijaonyesha nje. Ifungueni nyuzi mtazame katikati: mkiona unga na rangi ya kijivu, hiyo ni ya kufungia mbuzi. Kamba ya plastiki nayo ina adui yake, ni jua. Ikikaa nje miezi mingi huwa ngumu na kutoa vumbi mkononi. Na mti wa mkonge, ule mlingoti unaoota katikati, ni mwepesi mno, wafaa kwa ua na kuta za udongo. Nimeuona umetumiwa kama nguzo ya jukwaa la mafundi wanaopiga plasta. Mti ule ndani ni laini kama sponji. Usipande.

Sasa ngazi. Kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke mita 1 kutoka ukutani. Ikisimama wima sana itakuangusha kinyumenyume, ikilala sana itateleza miguu. Kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa mita 1, ili unapotoka juu yake uwe na kitu cha kushika. Kifungwe juu. Mshikaji ni wa kushikilia mpaka kifungwe. Baada ya hapo kamba ndiyo mshikaji, maana kamba haiitwi kwenda kuchota maji. Miguu ikae juu ya ardhi ngumu iliyosawazishwa, si mawe, si pipa, si tofali. Unapopanda, uso uelekee ngazi, na daima viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Nyundo na misumari vivutwe kwa kamba ndani ya ndoo. Anayepanda na bati mkononi amekwisha toa kiungo kimoja.

Juu ya paa mambo ni mengine. Kule Wundanyi asubuhi mabati yana umande mpaka saa tatu, na viatu vya soli iliyokwisha huteleza kama sabuni. Hapa Voi ni kinyume, bati la saa nane laweza kumfanya mtu aone giza, na mtu aliyeona giza huanguka bila kuteleza. Anzeni mapema, mnywe maji, mshuke mapumziko. Upepo ukivuma acheni kushika mabati marefu, kwa sababu bati ni tanga na wewe si jahazi.

Liko jambo moja linaloua mafundi wa siku nyingi kuliko wanafunzi, nalo ni paa lisilobeba mtu. Nyumba za zamani bado zina asbesto, na maghala mengi yana vipande vya plastiki vya kupitishia mwanga. Vyote huonekana imara, lakini jua limevila miaka mingi. Ukikanyaga katikati havipindi kwanza kukuonya, hupasuka mara moja. Hata kufuata mstari wa misumari si salama, maana mguu ukikosea kidogo tu umekwenda. Yatakiwa mbao ndefu zilale juu ya boriti mbili au zaidi, na fundi akanyage mbao tu. Asbesto ina ubaya mwingine wa vumbi lake mapafuni, lakini hilo lina siku yake.

Vijana wengi waliofanya kazi kwenye madaraja ya reli mpya ya Tsavo kabla haijafunguliwa mwaka 2017 waliuzoea mkanda wa mwili mzima. Nafurahi. (Watalii huja hapa kuuliza habari za simba wa 1898 waliokula wajenzi wa reli. Sijasikia mtalii hata mmoja akiuliza habari za ngazi.) Lakini mkanda una hesabu yake. Kamba ya mita 2, pamoja na kifaa kinachofunguka ili kupunguza mshtuko, pamoja na urefu wa mtu mwenyewe, huhitaji kama mita 6 tupu chini ya mahali ulipofunga. Ukiuvaa kwenye paa la duka lenye mita 4, miguu itagonga ardhi kabla mkanda haujamaliza kazi yake. Hapo yafaa kamba fupi isiyokufikisha ukingoni, au bora zaidi ukingo wa kuzuia watu wote. Tena mtu akining'inia bila kujisogeza, damu hukusanyika miguuni na aweza kufa akiwa mkandani. Kabla ya kupanda, semeni ni nani atakayemshusha, na kwa nini.

Ndugu, nimewalaumu wafanyakazi na sitaki tajiri apige makofi peke yake. Ile Sheria ya Viwanda iliyoanza 1951 iliondolewa, na tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Sheria hii yamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama na atoe vifaa vya kujikinga. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sharti pawe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi wamo. Ajali ya kifo iarifiwe kwa mkaguzi katika saa 24. Na tena yasema, ukiona hatari kubwa iliyo karibu, mwarifu msimamizi wako, na mwajiri asikulazimishe kurudi pale mpaka hatari iondolewe.

Najua mnayosema mioyoni. Mnasema, "Mzee, nikikataa kupanda leo, kesho kuna kijana langoni anayengoja nafasi yangu." Ni kweli, na sitawadanganya. Sheria iko Nairobi na njaa iko nyumbani. Ndiyo maana sikushauri mtu akatae peke yake. Mmoja akikataa huitwa mwoga. Saba wakishuka pamoja wakasema, "Tuleteeni ngazi ndefu," hiyo ni kazi ya nusu saa kwa kontrakta. Sisi tulikuwa saba. Ngazi ndefu ilikuwa duka la vifaa mjini, na kuikodi kusingefika mshahara wa siku moja wa mtu mmoja.

Mwenzenu akianguka, msimwinue kama tulivyofanya sisi. Akiwa anapumua na hapana hatari nyingine mahali pale, aachwe alivyolala, mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, mwingine apige simu. Ikiwa hapana gari la wagonjwa, leteni mlango au ubao mpana, mumgeuze mwili wote kwa pamoja kama gogo, afungwe, ndipo apelekwe. Kisha mtu mmoja asiende hospitali. Abaki aandike: saa ngapi, ngazi gani, nani alikuwapo, apige na picha kwa simu. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ambayo wengi huiita WIBA, nayo ni ya 2007. Yataka mwajiri aarifiwe, naye aiarifu serikali, na dai liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Ahadi ya nyapara haisimamishi miezi hiyo. Mwenzetu wa 2011 alipokuja kwa katibu wa tawi, mwezi wa kumi na nne ulikuwa umeanza.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza maneno. Nje, ukuta wa upande wa kivuli, nimesimamisha ngazi mbili. Moja iko sawa. Nyingine nimeiharibu kwa makusudi katika mambo manne, na nimeifunga isipandwe. Naomba tutoke sasa tukaitazame kabla ya chai, na mafundi wakongwe wanyamaze kwanza ili vijana waseme wanachokiona.