Tuwafungulie Wazazi Wetu Mlango wa Kusoma

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaosoma jarida hili mkisubiri adhana ya magharibi: kila Ramadhani twakumbushana kuwa huu ndio mwezi ulioteremshwa Qur'ani, na kwamba neno la kwanza kumfikia Mtume lilikuwa Iqra, yaani soma. Twalisema mimbarini, twaliandika kwenye mabango ya madrasa, twawafundisha watoto. Hebu tujiulize swali moja. Neno hilo liliposhuka, Mtume (S.A.W.) alikuwa na umri gani? Alikuwa mtu mzima wa miaka 40. Yeye hakufundishwa herufi na binadamu, bali alifundishwa na Mola wake. Lakini umma wake wote uliamrishwa kutafuta elimu, wakubwa kwa wadogo. Basi imekuwaje sisi tukalifanya neno hili kuwa la watoto peke yao?

Leo nataka tuzungumze habari za baba na mama zetu wasiojua kusoma na kuandika, na wajibu wetu juu yao.

Ni kina nani hawa?

Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu kusoma na kuandika kwa watu wazima. Ilionekana kuwa asilimia 61.5 walijua kusoma na kuandika. Waliobaki, karibu watu milioni 7.8, hawakujua. Wanawake walikuwa nyuma ya wanaume. Nairobi ilikuwa juu kabisa kwa asilimia 87.1, na Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, ilikuwa chini kabisa kwa asilimia 8. Hesabu hiyo ni ya zamani, na mikoa yenyewe imeshageuka kaunti. Lakini aliyekuwa na miaka 35 wakati ule leo amepita 50. Ndiye mama yako. Ndiye baba yako. Na wengi wao ni Waislamu wenzetu.

Huku Pwani kuna jambo jingine la kushangaza. Utamkuta mzee amehitimu Qur'ani chuoni, anasoma juzuu nzima bila kukosea irabu. Wazee wa kabla yake waliandikiana hata barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mzee huyo huyo akifika benki anaambiwa aweke kidole gumba, kwa sababu fomu imeandikwa kwa herufi za kizungu, nazo hakufundishwa. Je, huyu ni mjinga? Hasha! Huyu ni msomaji. Amekosa tu herufi za aina ya pili.

Hasara yake ni nini?

Wako watakaosema, "Ameishi miaka yote hiyo bila kusoma, atapungukiwa nini sasa?" Basi tuhesabu.

Anatoka hospitali na pakiti mbili za dawa. Moja imeandikwa 1×3, nyingine 2×2. Akifika nyumbani keshasahau ipi ni ipi, na mjukuu yuko shule. Anatumiwa pesa kwa simu, na namba yake ya siri anaijua kijana wa dukani. Analetewa karatasi ya shamba la urithi, anaambiwa, "Weka kidole hapa, ni mambo ya kawaida tu," naye anaweka, na baada ya miaka ndipo watoto wanajua kilichoandikwa juu ya kile kidole. Siku ya kura anaingia na mtu wa kumsaidia, na kura yake si siri tena.

Na hasara kubwa zaidi ni ya nyumbani. Barua inatoka shuleni kumwita mzazi kwa sababu mtoto ametoroka masomo. Nani anaisoma? Mtoto mwenyewe! "Mama, mwalimu anasema niko sawa." Twacheka, lakini ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Na tangu mtaala wa umilisi uanze madarasani mwaka 2019, mzazi anatakiwa asaidie kazi za nyumbani kuliko zamani. Mama asiyejua kusoma anakaa pembeni ya mwanawe kama mgeni.

Twasema mama ndiye madrasa ya kwanza. Basi madrasa hiyo nayo yahitaji kujengwa. Mtoto akimwona mama yake ameshika kalamu anahangaika na herufi, huhitaji kumhubiria tena umuhimu wa kusoma. Hata kitabu si lazima kinunuliwe. Mama asimulie ngano aliyosimuliwa na nyanyake, mtoto aiandike kwenye daftari, kisha waisome pamoja, kidole chini ya kila neno. Mama anayajua maneno yote kwa kuwa ni yake, kwa hivyo herufi zamnasa haraka. Na mtoto anapata kuandika na kupata hadithi za kwao.

Wema waliotangulia walifanyaje?

Vita vya Badri vilikuwa mwezi huu huu wa Ramadhani, mwaka wa 2 Hijria. Imepokewa kuwa mateka wa Kikureshi waliokosa mali ya kujikomboa, na walikuwa wanajua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Angalieni thamani hiyo. Waislamu walikuwa maskini, wangeweza kudai dirhamu, lakini herufi zilikubaliwa mahali pa fedha. Na waliofundisha walikuwa maadui wa jana.

Tena kuna bibi mmoja Swahaba, Shifaa bint Abdillah, aliyejua kuandika tangu kabla ya Uislamu. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika mama yetu Hafsa, mkewe Mtume (S.A.W.), na Mtume aliridhia jambo hilo. Huyu ni mwanamke mzima akimfundisha mwanamke mzima, ndani ya nyumba ya Mtume. Naye Imam Bukhari, katika mlango wa elimu, ameeleza kuwa Maswahaba walisoma wakiwa na umri mkubwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia "samaki mkunje angali mbichi", mjibu kwa adabu kwamba mtu mzima si samaki.

Na hapa kwetu?

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932. Aliwahimiza Waislamu wasibaki nyuma katika elimu, ya dini na ya dunia. Gazeti halimfai asiyeweza kulisoma.

Jirani zetu Tanzania waliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 karibu asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufika 1975 walikuwa asilimia 39. Walisomea chini ya miti, na waliofundisha wengi hawakuwa walimu wa kazi. Walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi na watu wa kujitolea. Na vitabu vilihusu mambo ya watu wenyewe: pamba, mahindi, uvuvi, kazi za nyumbani.

Kenya nayo, Rais Moi alitangaza Desemba 1978 kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma, na mwaka 1979 ikaundwa Idara ya Elimu ya Watu Wazima. Watu walijaa madarasani, kisha wakapungua. Walimu wakawa wachache, na jina la ngumbaru likageuzwa mzaha. Hata hivyo mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Sababu moja aliyotaja ni kutaka kujisomea Biblia mwenyewe, asitegemee kusomewa. Mwaka 2005 alifika hadi New York kwenye Umoja wa Mataifa kutetea elimu ya msingi ya bure. Alifariki mwaka 2009. Kama mzee yule hakuona haya kuketi na watoto, sisi twaona haya ya nini kumtengea mzee wetu chumba?

Tufanye nini?

Vijana wenzangu, tusingoje serikali peke yake. Vitu vingi tunavyo tayari.

Chumba tunacho. Madrasa nyingi ziko tupu asubuhi watoto wakiwa shule. Kamati ya msikiti ikiridhia, mama zetu wapate saa moja na nusu, siku tatu kwa wiki. Wavuvi na wenye vibarua wapate baada ya isha.

Walimu tunao. Kuna wasichana na wavulana wamemaliza fomu foo, wanangoja chuo au kazi. Wafundishe, lakini kwa adabu. Usimwite mzee mbele ya wenzake asome ubaoni siku ya kwanza. Mwite baba, mwite mama, kama umwitavyo njiani. Na ikiwezekana mtu asifundishwe na mwanawe, maana haya humzuia kuuliza.

Anayejua Qur'ani aanzie kwenye anachokijua. Keshafahamu kuwa alama hubeba sauti. Mwonyeshe tofauti tu: hapa twatoka kushoto kwenda kulia. Pale irabu hukaa juu au chini ya herufi, hapa a, i na u ni herufi kamili na huandikwa kando. Na sauti kama p, ch na v, zisizokuwamo katika herufi za Qur'ani, hapa zina mahali pake.

Somo la kwanza liwe jina lake mwenyewe, la pili jina la mwanawe. Kisha kadi ya kliniki, pakiti ya dawa, ujumbe wa pesa kwenye simu. Akishika hayo hatakimbia darasa.

Na msisahau miwani! Mtu akipita miaka 40 macho hupungua nguvu ya kuona karibu. Wangapi wameacha darasa wakidhani akili imechoka, kumbe ni macho? Futari tunazoalikana ni nyingi, mashaAllah. Ukiweka kando sadaka ya miwani moja, daftari na kalamu, umemfungulia mtu kitabu. Habari ya zaka tuwaulize masheikh wetu, lakini sadaka iko wazi.

Maimamu wetu, twawaomba khutba moja kwa jambo hili, ili haya iondoke. Nasi wengine twende ofisi ya elimu ya watu wazima tuulize habari za mwalimu na vitabu, na wabunge wetu wakija kuomba kura tuwaulize wameyatetea vipi madarasa haya. Wasipoulizwa hawatajua kama twayataka.

Tusifanye makubwa. Kila msikiti darasa moja, lianze Shawwal, watu kumi tu. Kabla ya hapo, wewe msomaji, usiku wa leo baada ya tarawehe, kaa na mama yako, umwulize polepole kama angependa. Huenda amekuwa akingoja kuulizwa kwa miaka mingi.

Dua ya kuomba kuzidishiwa elimu Allah alimfundisha Mtume wake akiwa mtu mzima. Basi tuiombe kwa ajili yetu na wazazi wetu. Allah awarehemu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.