Daftari la Mkimbiaji

Natumaini kila mmoja amekaa vema, na daftari na penseli viko tayari. Somo letu la leo ni la hesabu, lakini tutalifanya kwa njia ya michezo. Tutajifunza jinsi mtu anavyoandika namba za mazoezi yake, na jinsi anavyoweka lengo kutokana na namba hizo.

Kwanza nitawaeleza habari ya mwenzetu mmoja. Yeye ni mtu mzima, amepita miaka arobaini, na kazi yake ni kubeba mizigo katika kituo kikuu cha mabasi hapa Nzuguni. Alipoingia darasa letu la jioni hakujua kusoma wala kuandika. Lakini alipenda kukimbia. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, alitoka nyumbani kwake akakimbia mpaka karibu na uwanja wa Nane Nane, kisha akarudi. Njia yote ni kilomita 5 hivi. Alitaka kuingia katika mbio za watu wote za kilomita 5, na hakutaka kuchekwa mbele ya watoto wake.

Saa ilishikwa na rafiki yake. Kila siku rafiki huyo alimwambia, "Dakika thelathini, kaka! Leo umeruka kama swala." Mwenzetu akafurahi. Miezi mitatu ikapita, na kila siku zilikuwa dakika thelathini.

Basi darasani tukafika somo la kusoma saa. Mwenzetu akajifunza, na asubuhi moja akajipima mwenyewe. Akaona dakika 34. Kesho yake akajipima tena, ikawa 34 vilevile. Jioni ile alikuja kwangu uso umemshuka. Akasema, "Mwalimu, miezi mitatu yote nimepewa maneno matamu, nami sikuwa na njia ya kujua. Afadhali niache mbio, na hata darasa niliache."

Nikamjibu, "Kaka yangu, usiache. Rafiki yako alitaka kukufurahisha tu. Lakini sifa haikuonyeshi pa kurekebisha. Namba yaweza kukuonyesha. Sasa unayo namba yako ya kwanza. Iandike."

Ndugu wanafunzi, hapo nilimweleza desturi ya wachezaji wa gofu, nami napenda nanyi muijue. Mchezo wa gofu huchezwa hapa nchini katika viwanja kama vya Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo, mpaka mpira uingie katika shimo. Akimaliza shimo moja huenda la pili, mpaka atimize mashimo 18. Kila pigo huhesabiwa na kuandikwa katika kadi. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mchezaji akishindwa, mara nyingi husema, "Tatizo langu ni pigo la kwanza, lile la nguvu la kupeleka mpira mbali." Basi hushinda akizungusha fimbo kwa nguvu. Lakini viwanja vingi hupangwa kwa mapigo 72. Katika hesabu hiyo kila shimo hutengewa mapigo 2 ya kusukuma mpira polepole, ukiwa tayari juu ya majani mafupi karibu na shimo.

Andikeni: mashimo 18, mara mapigo 2. Jibu ni ngapi? Naam, ni 36. Na 36 ni nusu ya 72.

Maana yake, nusu ya hesabu ni mapigo madogo yasiyohitaji nguvu. Mchezaji anayeandika jumla peke yake hatalijua jambo hili. Anayeandika mapigo ya mbali mahali pake, na mapigo ya karibu na shimo mahali pake, ataona wapi anapoteza. Huenda akagundua kwamba kosa haliko katika pigo la nguvu, bali katika yale madogo aliyoyadharau. Hapo atajua la kujizoeza.

Mwenzetu akaelewa. Tukapiga mistari katika daftari lake, tukafanya sehemu tatu: siku, dakika, na hali. Katika sehemu ya hali aliandika jambo moja tu, kama vile upepo, joto, au usingizi mdogo. Njia ilikuwa ileile na saa ileile, kwa sababu ukibadilisha njia kila siku huwezi kulinganisha namba zako.

Hii ndiyo juma lake la kwanza. Iandikeni katika madaftari yenu:

Jumatatu: dakika 36. Usingizi mdogo.
Jumanne: dakika 33. Shwari.
Jumatano: dakika 34. Upepo na vumbi.
Alhamisi: dakika 33. Shwari.
Ijumaa: dakika 34. Upepo.

Jumlisheni dakika zote. Mmepata 170. Siku ni 5. Gawanyeni 170 kwa 5. Jibu ni 34. Namba hii huitwa wastani. Wastani hutuonyesha jinsi mtu anavyokwenda kwa kawaida, wala si siku yake moja nzuri au moja mbaya.

Sasa yafuata kosa langu mimi mwalimu, nami sitalificha. Nilipoona 34 nilimwambia, "Haya, weka lengo. Mwezi huu ufikie dakika 25." Nilidhani namtia moyo. Mwenzetu alijikaza kupita kiasi, na juma la pili mguu ukamuuma chini ya goti. Alikosa mbio siku kumi na nne, na darasani hakuonekana. Nilikwenda kumwona nyumbani nikamwomba radhi. Kumtaka mtu apunguze dakika 9 kwa mwezi mmoja ni kama kumtaka asome gazeti zima siku aliyojifunza herufi a.

Mguu ulipopona tulianza upya kwa utaratibu. Tukaweka malengo mawili. Lengo la kwanza lilikuwa la matokeo: wastani ushuke kutoka 34 mpaka 33 kwa majuma manne. Lengo la pili lilikuwa la kazi: akimbie siku tano kila juma, nne taratibu na moja kwa haraka kidogo. Shikeni tofauti hii. Matokeo hayako yote mikononi mwetu, maana upepo waweza kuvuma na mwili waweza kuchoka. Lakini kazi iko mikononi mwetu. Kila jioni mtu aweza kujiuliza, "Je, leo nimeitimiza au sikuitimiza?" Na jibu ni ndiyo au siyo.

Baada ya majuma manne tulilifungua daftari pamoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona jambo kabla yangu. Aliweka kidole juu ya Jumatatu, kisha Jumatatu ya pili, ya tatu na ya nne. Kila Jumatatu namba ilikuwa mbaya, na kila Jumatatu ameandika "usingizi mdogo". Akasema, "Mwalimu, Jumapili usiku napakua mizigo mpaka saa nane. Kumbe miguu haina kosa." Basi Jumatatu akaifanya siku ya kupumzika, na mbio akazihamishia Jumamosi. Daftari lilimfundisha jambo ambalo mimi sikuliona, wala rafiki yake hakuliona.

Juma la nane aliandika hivi: 32, 33, 32, 31, 32. Jumlisheni, kisha mgawanye kwa 5. Wastani ni ngapi? Ni 32.

Labda mtu atauliza, "Je, wakimbiaji wakubwa nao hutazama namba?" Tutazame namba za jirani yetu wa mkoa wa Singida, Alphonce Simbu, askari na mkimbiaji wa mbio ndefu za kilomita 42 na mita 195. Mwaka 2017, katika mashindano ya dunia mjini London, alikuwa wa tatu kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 51. Mwezi wa Septemba mwaka 2025, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, alikuwa wa kwanza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Akaipatia Tanzania medali ya dhahabu ya kwanza katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, na picha ya mstari wa mwisho ilionyesha kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu 3 tu za sekunde iliyogawanywa mara mia.

Toeni 48 katika 51. Ni sekunde 3. Miaka minane ilipita kati ya mbio hizo mbili, na tofauti ya saa ni sekunde 3.

Lakini yuko na namba nyingine. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wa 2025, mjini Boston huko Marekani, alikimbia kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4. Hapo alikwenda kwa kasi zaidi kuliko Tokyo, na hata hivyo alikuwa wa pili. Kwa nini? Njia ya Boston huanza mahali pa juu na kuishia mahali pa chini. Tokyo siku ile ilikuwa na joto kali. Ndiyo maana nasema, usiandike namba peke yake. Andika na hali, usije ukajihukumu kwa uonevu.

Wala usijipime kwa namba ya Simbu. Mwenzetu wa Nzuguni angefanya hivyo angekata tamaa siku ya kwanza. Alijipima kwa namba yake mwenyewe ya juma lililopita, ndiyo sababu aliendelea.

Siku ya mbio ilifika. Aliingia katika kundi kubwa la vijana, na wengi walimpita. Alimaliza kwa dakika 31. Rafiki yake alimkimbilia akisema, "Kaka, umetumia dakika 28!" Mwenzetu akacheka, akamwonyesha saa, akamwambia, "Asante ndugu yangu, lakini ni thelathini na moja. Nimesoma mwenyewe." Jioni aliiandika namba hiyo daftarini, na chini yake akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi. Watoto wake walikuwa wamesimama pembeni wakitazama.

Mazoezi ya nyumbani ni haya.

La kwanza: chagueni kazi moja mnayoifanya kila siku, kama kukimbia, kutembea, kuchota maji au kusoma ukurasa mmoja. Andikeni siku, dakika na hali kwa siku tano.

La pili: tafuteni wastani.

La tatu: andikeni lengo moja la matokeo na moja la kazi. Lisiwe kubwa mno. Kumbukeni kosa la mwalimu wenu.

La nne: Simbu alitumia saa 2:05:04 Boston, na saa 2:09:48 Tokyo. Tofauti ni dakika ngapi na sekunde ngapi?

Mkikutana tena mlete madaftari, tuyasome pamoja. Kwaherini, ndugu wanafunzi.