Ada Imeondolewa, Dhima Haikuondolewa

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetutunukia akili na ulimi, na akatuneemesha kwa watoto. Twamshukuru, twamtegemea, na kwake twaomba msaada. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu Waislamu, tunakuusieni, na tunajiusia sisi wenyewe, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu,

Mwezi wa Januari umeingia na milango ya shule imefunguliwa. Tangu Jasini na Moa mpakani mwa Kenya, hadi Tanga mjini, Tongoni na Kigombe, na kuvuka mto Pangani kwenda Kipumbwi na Mkwaja, watoto wameamshwa mapema, wamevishwa sare, wametiwa mikoba mgongoni. Ni jambo la furaha kulitazama. Lakini hotuba yetu ya leo haiwahusu hao waliokwenda. Yawahusu wale ambao majina yao yameitwa darasani na pakawa hapana wa kuitika.

Fahamuni ya kuwa mtoto hapotei shule kwa siku moja. Wiki ya kwanza hukosa kwenda kwa sababu ya viatu. Wiki ya pili huona haya, kwa kuwa wenzake wamekwisha kumtangulia. Wiki ya tatu hupata kikazi sokoni au ufukweni, akarudi na shilingi elfu mbili, na mama yake, ambaye hali yake ni dhaifu, akazipokea. Ikifika Machi hapana tena amwitaye mwanafunzi. Wala hapana aliyemfukuza, wala hapana aliyekaa kitako akaamua kwamba asisome. Imekuwa tu, na sote tulikuwapo tukitazama.

Watu wengi husema: elimu siku hizi ni bure, basi mwenye kubaki nyumbani amejitakia. Neno hili lataka kupimwa. Ni kweli kwamba ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Kwamba tangu Januari 2016 haitozwi ada kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali. Na kwamba mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo viliingizwa katika msamaha huo. Hii ni neema, na mwenye kuikanusha hana shukrani. Lakini ada ilikuwa sehemu moja tu ya mzigo. Yaliyobaki juu ya mzazi ni sare, viatu na soksi, madaftari na kalamu, chakula cha mchana kwa anayeshinda shule, nauli kwa anayekaa mbali, na matibabu. Na aliyepangiwa bweni hutakiwa godoro, mashuka, chandarua na ndoo. Binti wa Kiislamu ana hijabu yake juu ya hayo. Mvuvi mwenye watoto wanne, mmoja la kwanza, mmoja la tano na wawili sekondari, huyakabili yote haya katika mwezi mmoja, naye hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Bahari ikichafuka kwa pepo za kaskazi, hana hata cha jioni.

Basi tusimlaumu kabla ya kumwuliza. Na tukimwuliza, tusiondoke mikono mitupu.

Ndugu Waislamu, hapa tuseme jambo ambalo huenda lisiwapendeze wengine. Arusi zetu za pwani huzidi kabla ya Ramadhani, katika Rajabu na Shaabani. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa Januari hadi Desemba kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo miezi yetu hurudi nyuma kila mwaka. Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Miaka inayofuata yaingia Februari, kisha Januari. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa sare za arusi na sare za shule zagombania mfuko mmoja. Twaona nyumba ambamo kila mwanamke amechangishwa kitambaa cha kufanana na mwenziwe, doti za kanga zimenunuliwa, viti na maturubai vimekodiwa, na sinia za biriani hazina hesabu. Na katika nyumba hiyo hiyo mtoto wa dada yake bwana arusi hana viatu vya kuendea kidato cha kwanza. Hatusemi watu wasioe wala wasile. Walima ni suna. Twasema hivi: kamati iliyoweza kukusanya michango ya watu mia kwa wiki tatu, imeshindwaje kukaa jioni moja kwa ajili ya mtoto wa jamaa?

Watoto wa kiume wa pwani wana mtihani wao. Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa, na mashua hutaka mikono. Kijana wa darasa la sita hukesha chini ya taa, akapewa fungu lake alfajiri, kisha akaenda shule akalala juu ya dawati, au asiende kabisa. Baba husema kwamba bahari ni urithi, na mtoto asipoijua mapema hataijua. Ni kweli, ubaharia haufundishwi kitabuni. Lakini Ijumaa jioni na Jumamosi zipo, na likizo ndefu zipo, na hapana nahodha aliyeharibikiwa kwa kujua kusoma. Nahodha wa leo hutakiwa leseni na vyeti, husoma taarifa ya hali ya hewa, huweka hesabu na tajiri wa mtaji. Asiyejua kusoma hesabu hiyo husomewa, na mwenye kusomewa hana budi kuamini. Ndivyo ilivyo na nchi kavu pia. Hapo Chongoleani ndipo pamekusudiwa mwisho wa bomba la mafuta litokalo Uganda, mwendo wa kilomita 1,443. Kazi za namna hiyo hutaka mafundi wenye vyeti, na aliyeishia la sita hatapewa isipokuwa jembe na toroli, kisha aje atulalamikie kwamba wageni wamechukua nafasi.

Ama watoto wa kike, maneno yetu ni machache na ni mazito. Hafsa, mama wa waumini, alifundishwa kuandika na Shifaa binti Abdillahi, bibi wa Kikureshi aliyekuwa msomi, na Mtume (S.A.W.) alilijua hilo na akaliridhia. Basi ni nani leo atakayesema kwamba kalamu si ya mwanamke? Wako miongoni mwetu ambao, binti akichaguliwa kidato cha kwanza shule ya mbali, huona njia nyepesi ni kumwoza. Wajue ya kwamba sheria ya nchi, kwa mabadiliko ya mwaka 2016, humweka katika kifungo cha miaka 30 mwenye kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au wa sekondari, na mwenye kusaidia naye ana adhabu yake. Lakini sisi hatutaki mtu aogope jela tu. Twataka atazame uso wa yule binti alipoletewa habari kwamba amefaulu. Na yule ambaye masomo yake yalikatika kwa sababu ya uzazi, serikali ilimruhusu kurudi darasani tangu Novemba 2021. Wapo walioipokea ruhusa hiyo kwa wasiwasi, wakihofu kwamba yatia moyo uovu. Hofu yao twaifahamu. Hata hivyo hatuoni kwa nini mlango ambao Mola ameuacha wazi kwa mwenye kutubia uzibwe na majirani.

Tena upo uzito mwingine wa zamani, nao ni kuiona shule kuwa si yetu. Una asili yake, nasi hatuwadharau wazee. Shule ya kwanza ya serikali ya Wajerumani katika nchi hii ilifunguliwa hapa hapa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ilikuwa na watoto wa Kiislamu wengi. Hapa Tanga ndipo lilipokuwa likichapishwa gazeti la Kiongozi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye, zama za Waingereza, shule nyingi zikawa mikononi mwa misheni, na wazee wakaogopa watoto wao wasije wakabatizwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Ila ilidumu kupita sababu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na akafariki mwaka 1947, aliandika katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome elimu za zama pasipo kuacha dini yao. Naye alikuwa mwanachuoni, hakuwa mtu wa kuchezea dini.

Na kabla yake, na kabla yetu sote, ipo habari ya Badri. Wapokezi wamepokea kwamba mateka waliokosa mali ya kujikombolea waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Tazameni walimu hao walikuwa nani! Hawakuwa Waislamu, walikuwa maadui wa jana, waliokuja na panga. Na Zaid bin Thabit, alipoamrishwa kujifunza maandishi ya Mayahudi, aliyamudu kwa muda wa nusu mwezi. Mtume (S.A.W.) hakuliogopa andiko la wengine. Alimtafutia kijana hodari akamtuma kulisoma.

Haya hayamaanishi kwamba chuo cha Qurani kiachwe. Tanga ni mji wa vyuo. Shamsiyya na Maawal ni majina yanayojulikana mbali na hapa. Lakini ratiba ya mtoto wetu yahitaji huruma. Chuo alfajiri, shule tangu saa moja, arudi saa tisa bila ya kula, chuo tena saa kumi, na usiku kazi za nyumbani alizopewa na mwalimu. Mtoto huyu hukimbia kimojawapo, na akikimbia, baba huchukua upande. Twapendekeza walimu wa vyuo na walimu wakuu wa shule za mitaa yao wakae pamoja mwanzoni mwa mwaka huu wapange saa, mitihani ikikaribia chuo kipunguze, na likizo zikifika chuo kiongeze. Ni jambo la kikao kimoja na kahawa.

Na shuleni kwenyewe, ratiba ina vipindi vya dini. Twasikia malalamiko kwamba vipindi hivyo hupita watoto wa Kiislamu wakicheza uwanjani. Tujiulize ni nani aliyetakiwa kwenda kufundisha. Kipindi ni chetu, na mwalimu ni wajibu wetu kumpeleka. Msikiti wenye vijana kumi waliohitimu chuo haukosi mmoja wa kutoa saa mbili kwa wiki.

Nanyi wanafunzi mnaotusikiliza: mkiwa na mwenzenu ambaye dawati lake li wazi, piteni kwao mkimtoka shuleni. Msimcheke kwa kiatu kilichotoboka. Aliyekosa wiki mbili mwazimeni daftari anakili.

Sasa yaliyo ya kutendwa wiki hii. Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari; hivyo la mwisho la msingi si mwisho tena. Kila imamu awaulize majirani wa msikiti wake, bila ya kutangaza jina la mtu hadharani, ni watoto gani waliochaguliwa kidato cha kwanza na hawajaripoti. Nyumba ambazo watoto wao wamemaliza, zitoe sare na viatu vilivyo vizima vifuliwe na vikabidhiwe wengine. Mafundi cherehani wa Ngamiani na wa vijijini, mwenye kuweza kushona sare moja ya sadaka ashone moja. Mwenye zaka asisahau kwamba fukara ana watoto, na watoto hao wana shule. Mzazi aliyekwama aende kwa mwalimu mkuu aeleze hali yake kabla ya mwezi kwisha, wala asingoje kuitwa na mtendaji wa kata. Na wenye watoto watakaoanza darasa la kwanza mwakani watafute cheti cha kuzaliwa sasa, kwani uandikishaji huanza Oktoba, na siku za mwisho foleni ni ndefu.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na ninyi, na awafungulie watoto wetu wote, waliokwenda na waliobaki.